Shoki ya Kulia ya Gari la Maiti

Siku niliyostaafu na kurudisha funguo za stoo ya karakana, vijana wangu, mlinisaidia kutoa vitu vyangu chini ya benchi. Mkakuta gunia lenye shoki moja kuukuu, imekatika juu, na mmoja wenu akataka kuirusha kwenye rundo la chuma chakavu. Nilimkaripia. Najua mlishangaa, maana katika miaka yote ile hamkuwahi kunisikia nikipaza sauti. Mlipouliza ni ya nini nikasema ni takataka yangu, muiache.

Sasa niko nyumbani Kebirigo. Mke wangu alitangulia, watoto wako mbali na hupiga simu Jumapili, wote kwa saa moja ileile, kisha simu inabaki ya kutazamia saa mpaka Jumapili nyingine. Nina upweke, sitaficha. Lakini nina muda pia, na habari ya ile shoki ni deni langu kwenu na kwa nafsi yangu. Nitaanza mwanzo, kwa sababu fundi anayeanzia katikati ndiye anayebaki na nati mkononi baada ya kufunga kila kitu.

Siku yangu ya kwanza kazini sikugusa spana. Mzee Barnaba, aliyekuwa mkuu wa karakana yetu pale Kisii upande wa Daraja Mbili, alinipandisha nyuma ya pikapu, akaniwekea trei ya mayai mapajani, akamwambia dereva anitembeze. Tulikwenda kwa lami mpaka nikaanza kujiona mjanja. Halafu dereva akakata kona akaingia barabara za vijijini. Tuliporudi, mayai kumi na moja yalikuwa yamepasuka na suruali yangu haikuwa ya kutazamwa. Mzee Barnaba alihesabu maganda akaniambia, "Hao ndio abiria. Sasa shuka chini ya gari uangalie ni nani amewavunja."

Huko chini nikaona shoki za nyuma zimelowa mafuta mpaka matope yamegandamana kama chapati. Mafuta yakishatoka, shoki haizuii kitu tena. Springi inaruka itakavyo, na kila shimo linalopigwa na tairi linafika mgongoni mwa mtu. Mwalimu mmoja wa Kiswahili aliwahi kuniambia jina lake sanifu ni kifyonza mshtuko. Nikamwambia ni jina zuri, ila cha gari lake kilikuwa kimekwisha kufyonza na alihitaji kingine.

Mzee Barnaba alikuwa mtu wa maneno machache, na machache hayo aliyarudia mpaka tukayaota. La kwanza lilikuwa la kubonyeza kona. Unaegemea kona ya gari kwa uzito wako wote, unaachia. Gari zima husalimu mara moja na kutulia. "Likisalimu mara tatu," alisema, "limelewa." Alikuwa Msabato tangu tumboni, hajui ladha ya pombe, sijui walevi alijifunzia wapi. La pili: shoki hubadilishwa mbili mbili, maana hakuna anunuaye kiatu kimoja. Ukiweka mpya kushoto ukaacha kuukuu kulia, ile kuukuu inabeba aibu yote peke yake. Na la tatu: ukiwa na shaka na kazi yako, usilirudishe gari kwa mdomo. Panda, uende nalo.

Kwa barabara zetu hatukukosa kazi. Greda lilipita mwaka wa uchaguzi, likakwaruza matope kutoka upande mmoja hadi mwingine, na mvua ya kwanza ikayarudisha. Baada ya miaka michache ningeweza kulala chini ya gari na kukwambia lilikotoka kabla dereva hajafungua mdomo. Magari ya njia ya Nyamarambe yalichoka mbele kwanza. Yaliyobeba majani chai yalichoka nyuma, na bushi zao, zile raba ndogo zinazokaa kwenye pete za shoki ili chuma kisisugue chuma, ziliisha kama sabuni.

Nawaeleza habari ya bushi ili mwelewe kosa langu.

Karakana yetu ilihudumia gari la maiti la hospitali moja. Lilikuwa la mwili mrefu, limepakwa rangi nyeupe, na dereva wake alikuwa Nyakundi, rafiki yangu wa pekee katika kazi hii. Lilipewa heshima kuliko gari lolote. Mzee Barnaba alisema abiria wa kawaida akirushwarushwa atalalamika, huyu hawezi, kwa hiyo sisi ndio tulalamike kwa niaba yake.

Alhamisi moja alasiri Nyakundi alilileta likiyumba. Kesho yake asubuhi lilipaswa kumchukua marehemu Onsongo, mkulima wa chai wa Nyacheki, kumrudisha kwao. Familia ni Wasabato. Hawaziki Jumamosi, na Ijumaa lazima kila kitu kiishe kabla jua halijazama. Nikafungua nyuma. Shoki ya kushoto ilikuwa imekufa kabisa. Ya kulia ilikuwa bado na nguvu kidogo, lakini bushi ya juu ilikuwa imekwisha mpaka chuma kimeanza kulamba bolti. Stoo kulikuwa na shoki moja tu mpya. Mzee Barnaba alikuwa ameenda Keroka kwenye harusi.

Niliweka mpya kushoto. Kulia nilikaza nati kwa spana ya kumi na tisa mpaka mkono ukauma, kana kwamba kukaza ni kutengeneza. Kwenye kadi ya kazi nikaandika, "Shoki za nyuma, kushoto na kulia, sawa." Kisha nikakumbuka lile neno la tatu, na Ijumaa asubuhi nikapanda na Nyakundi, na gunia la vifaa miguuni.

Tulikwenda vizuri. Tulipoacha lami Nyakundi alipunguza mwendo, na nyuma yetu msafara wa waombolezaji ukapunguza pia. Mvua ilikuwa imenyesha usiku. Kwenye mpando mmoja karibu na kwao, mahali ambapo maji yalikata barabara, gurudumu la nyuma la kulia likaingia shimoni. Nikasikia mlio nilioujua hata kabla haujaisha. Shoki ilikatika juu penye bolti, ikaanguka, ikakwama kati ya springi na gurudumu. Nyakundi akakanyaga breki, injini ikazima. Alipoiwasha tena gari likanguruma na lisisogee hata inchi moja.

Watu walishuka. Mimi nilikuwa tayari chini ya gari, mgongo kwenye matope, kwa hiyo yaliyofuata niliyasikia na kuona viatu tu. Halafu shangazi yake marehemu, mama mzee mwenye fimbo, akasema kwa Kikisii maneno ambayo nadhani kila mmoja alikuwa nayo mdomoni: "Amekataa kwenda nyumbani. Kuna mtu hapa hawajamaliza naye."

Mnajua ilivyo. Gari la maiti likisimama, hakuna anayemwita fundi kwanza. Wanamwita aliyekosana na marehemu. Hata mimi ninayejua nati zote za gari hilo, nywele zilinisimama, huku mkono wangu umeshika ushahidi.

Viatu vyote viligeuka upande mmoja. Vilielekea buti za mpira zilizosimama peke yake kando ya ua. Zilikuwa za Ezekieli, mdogo wake Onsongo. Ndugu hao wawili walikuwa wamegombania mpaka wa majani chai, mistari mitatu tu ya michai, na walikuwa hawajasalimiana kwa muda mrefu. Onsongo akafa bila kusalimiwa.

"Ezekieli, kuja uongee na ndugu yako," mmoja wa wazee akasema. "Jua haitungoji."

Buti zikaja. Zikasimama mlangoni pa gari, kisha nikaona magoti yakipiga matope, hatua moja tu kutoka kichwani mwangu. Nilikuwa nimefika kwenye nati ya chini. Yeye alizungumza polepole kwa Kikisii, bila kulia. Alisema, "Kama ni mpaka, nimeuacha. Mistari yote ni yako na watoto wako. Mimi sina neno. Twende nyumbani." Nati ikaachia. Nikaivuta shoki, nikaitia guniani, nikatambaa nje upande wa pili. Nyakundi akawasha, na gari likapanda mlima.

Wanawake walipiga kelele za kushukuru. Mtu akasema, "Amekubali." Nikafungua mdomo. Nawaambia kweli, niliufungua. Nyakundi akanishika bega akaninong'oneza, "Waache, Zablon. Wamepata amani yao. Na jua je?" Nikaufunga. Onsongo alizikwa jua likiwa bado juu ya miti.

Ningeweza kusema baada ya mazishi. Ningeweza kusema Jumapili. Sikusema kwa sababu moja ndogo ya aibu: nilimwogopa Mzee Barnaba. Jumatatu aliliegemea lile gari kwenye kona ya kulia, likasalimu mara tatu. Alinitazama kwa muda mrefu, kisha akaenda mwenyewe kutafuta jozi nyingine, akaifunga mwenyewe, na hakuniambia neno. Nilidhani hiyo ndiyo adhabu yangu na kwamba imekwisha.

Miezi kadhaa baadaye, mteja mmoja wa Nyacheki alikaa kwenye benchi letu akingoja gari, akataja habari za kwao. "Kuna mtu huko alizuia maiti ya ndugu yake njiani," alisema. "Alikubali makosa mwenyewe mbele ya watu wote." Nikauliza yuko vipi. Akasema watoto wameambiwa wasile kwake. Kwenye kituo cha kupimia majani, akifika, mazungumzo yanakatika. Ameenda kwa watu na hajapewa chai.

Hilo la chai lilinikata. Ninyi ni watu wa huku, hamhitaji kuelezwa. Kwetu hata mtu wa kuja kukutangazia habari mbaya huwekewa kikombe kwanza. Mtu asiyepewa chai amekwisha kuzikwa, anangoja tu kulala.

Niliposikia tena habari zake, alikuwa amehamia Nyamarambe, amepanga chumba sokoni. Kila mwaka nilijiambia nitakwenda baada ya mvua. Nyakundi akafa, na baada yake Mzee Barnaba. Tulipomzika Nyakundi nilisimama kaburini nikaelewa kwamba sasa ni mimi peke yangu duniani ninayejua kwa nini gari lile lilisimama. Nilirudi karakana, nikafanya kazi yangu vizuri sana. Mnakumbuka nilivyowachosha na bushi. Mlinicheka kwamba Mzee Zablon anabusu bushi kabla ya kuzifunga. Sasa mnajua.

Wiki ya pili ya kustaafu, siku ya Jumatano, nilitia gunia kwenye gari langu nikaenda Nyamarambe.

Nilimkuta. Ni mzee sasa, anarekebisha viatu kwenye chumba cha mbele na kulala cha nyuma. Hakuniuliza mimi ni nani. Alinitazama, akalitazama gunia, akasimama akabandika chai. Rafuni kulikuwa na vikombe viwili. Kimoja kilikuwa cheusi kwa ndani kwa matumizi. Cha pili alikipangusa vumbi kwa mkono wa shati lake, akakisuuza mara mbili.

Tulipokaa nikaitoa shoki nikaiweka mezani kati yetu, nikaanza. "Mzee, mimi ndiye fundi wa ile gari—"

"Najua," akasema. "Nilikuona."

Sikuelewa.

"Nilikuwa nimepiga magoti. Ulikuwa hapa," akaonyesha sakafu kando ya kiti chake. "Niliona ukitoa hii chuma. Niliona ukiitia kwa gunia. Nilijua ni gari imevunjika, si Onsongo."

"Na bado ukaomba msamaha?"

"Wangeendelea kungoja. Jua ilikuwa inaenda. Ndugu yangu alikuwa amelala kwa hiyo baridi ya hospitali wiki mbili." Akanywa chai. "Nikasema, nitaongea, na huyu fundi akimaliza atatoka aseme. Watacheka, tutaenda. Ukatoka. Nikakungoja."

"Ungewaambia wewe."

"Mimi? Mimi ndiye nilishtakiwa. Nani angesikia mshtakiwa akisema ni shoki?" Hakusema kwa hasira, na hiyo ilikuwa mbaya zaidi. "Nikasema labda atakuja kesho. Nikasema labda Jumapili. Sasa ndio umekuja."

Kwa miaka yote nilidhani siri ile iko kwangu peke yangu. Kumbe tulikuwa wawili, kila mmoja na upweke wake, na mmoja wetu hakustahili. Nililia. Mtu wa umri wangu hapaswi kulia kwenye chumba cha viatu, lakini nililia, na yeye akangoja nimalize kama mtu aliyezoea kungoja.

Nikamuuliza nifanye nini. Nilidhani ataniambia nimwache. Alisema, "Mimi sitaki shamba. Nataka kuzikwa Nyacheki, karibu na ndugu yangu. Watoto wake ndio wenye boma sasa. Wamesema hapana. Wanaogopa nitamsumbua huko chini."

Tukafunga duka. Njia yote aliishika ile shoki mapajani kwa mikono miwili, nami nikaendesha kama nilivyofundishwa, kama nina mayai.

Mtoto mkubwa wa Onsongo anaitwa Mogaka. Alitukuta kwenye ua wa boma, akanisalimu mimi, akampita baba yake mdogo kwa macho. Alisikiliza nikieleza yote, ya Alhamisi, ya shoki moja ya stoo, ya bushi. Ezekieli alikuwa ameketi kwenye kibao chini ya ukuta wa nyumba, nikaiweka shoki kando yake Mogaka aione. Aliigeuza, akagusa pale ilipokatika.

"Fundi, mimi nilikuwa pale," akasema. "Nilikuwa mtoto, lakini nilikuwa pale. Baba mdogo aliongea, gari ikatoka."

"Ilitoka kwa sababu nati ilikuwa imefunguka."

"Sawa. Shoki inaweza kuvunjika, nakubali. Lakini mbona ivunjike pale, siku hiyo, na baba ndani?"

Ni swali la haki. Nilikuwa nimejiuliza mwenyewe usiku mwingi, na nilijua jibu, sikupenda tu kulitoa kwa sauti.

"Pale kwa sababu pale ndipo kulikuwa na shimo," nikasema. "Siku hiyo kwa sababu Alhamisi niliona bushi imekwisha, nikaikaza, nikaandika iko sawa. Baba yako hakukataa kitu. Huyu mzee hakuzuia kitu. Ni mimi. Na nilipotoka chini ya gari nilijua, nikanyamaza."

Mogaka akairudisha shoki kwenye kibao. Kisha kwa mara ya kwanza akamgeukia Ezekieli. "Na wewe ulijua?"

"Nilijua."

"Mbona sasa ukapiga magoti?"

"Baba yako alikuwa amechoka kungoja," Ezekieli akasema.

Mogaka alifuta uso kwa kiganja. Akamshika yule mzee mkono, akamwinua kutoka kwenye kibao kwa uangalifu, akaita kwa sauti nyumbani waweke maji. "Ingia ndani, baba. Chai iko." Alipofika mlangoni alinigeukia. Hakuwa na ukali. "Wewe fundi, kaa hapo."

Nikakaa. Nilisikia kiti kikivutwa, vikombe, sauti ya mwanamke akiuliza sukari ngapi. Watoto waliitwa kutoka shambani, wakanipita mbio wakaingia. Baadaye nikasikia Ezekieli akicheka kitu, kicheko kidogo chenye kutu. Niliona moshi wa jiko ukitoka juu ya paa. Niliangalia mlango kwa muda, nikajisemea labda ni maziwa wanangoja, labda kikombe kinaoshwa. Kisha nikaelewa, na sikuwa na la kulalamikia.

Niliiacha shoki kwenye kibao, nikawasha gari. Lile shimo la kwenye mpando bado lipo, mtu ametia mawe akaishia katikati. Nilipita pembeni yake polepole. Nilifika Kebirigo jua halijazama, nikajipikia chai, nikainywa.